Madaraja Matatu Bila Kugeuka Nyuma

Jumatano, 18 Februari

Mapazia tangu asubuhi. Kutundika, kushusha, kukunja. Wateja wanayashika kwa vidole vya mafuta ya chipsi, wanauliza bei, wanaondoka. Mwaka mpya wa Wachina umeingia jana na Mama Lin, bosi wangu, hakufunga duka hata kidogo. Kabandika karatasi nyekundu mlangoni, kanipa chungwa, kasema haya, kazi.

Jambo lenyewe sijaliandika humu. Nilikuwa naogopa nikiliandika litaharibika. Basi naandika. Nina mimba. Ya kwanza ilitoka mwaka jana, ilipokuwa inakaribia miezi mitatu. Hii nayo inafika pale pale.

Naogopa choo. Mtu mzima na akili zangu, naogopa choo. Kila nikienda naangalia nguo kwanza, ndipo napumua.

Mwezi wa Ramadhani unatazamwa leo. Bakari kaleta tende na maziwa, kisha kaenda zake Midrand kulinda maghala ya watu. Ndoa ya mlinzi wa usiku ndiyo hii. Tunaonana mlangoni.

Ijumaa, 20 Februari

Tumeanza kufunga. Yaani wenzangu wameanza. Mimi nesi kanikataza. Bakari kasema vizuri, utalipa ukishajifungua. Lakini nakula jikoni nimegeukia ukuta. Aibu tu.

Nesi kajaribu kusikiliza moyo wa mtoto kwa kile kidude chake. Kapitisha huku, kapitisha kule. Kelele za tumbo langu tu. Kasema ni mapema, wengi hausikiki bado, nirudi tarehe tisa ya mwezi ujao, nisitie shaka. Nisitie shaka! Angejua.

Kurudi nimepanda teksi mbili, hizi daladala za huku, nimezunguka Johannesburg nzima. Lile daraja la chuma la waenda kwa miguu, linalovuka reli, lingenifikisha nyumbani upesi. Silivuki tena. Pale ndipo waliponipora mwaka jana. Mmoja alikuja mbele, mmoja nyuma. Walivaa raba, sikuwasikia. Wakachukua mkoba na simu, wakanisukuma kwenye vyuma, nikaanguka kifudifudi. Siku chache baadaye mimba ikatoka. Daktari alisema huenda hata bila kusukumwa ingetoka. Sawa. Yeye hakuwepo.

Hakuzikwa. Hakuwa na jina. Hospitali walichukua kilichokuwepo, nikaambiwa nikapumzike. Mpaka leo sijui nimlilie wapi.

Jumapili, 22 Februari

Mama Furaha wa mlango wa pili kaja kunisuka. Mkongo wa Bukavu, mkono mwepesi, mdomo haupumziki. Kaniletea habari nisizozitaka. Juzi dada mmoja kaporwa tena kwenye daraja la chuma. "Batu ba kule habaogope hata Mungu, dada. Usipitake kule." Nikamwambia sipiti. Akaniombea kwa Yesu huku ananivuta nywele. Nikaitikia amina. Siku hizi naitikia dua ya yeyote.

Jumanne, 24 Februari

Damu. Tone dogo, rangi ya chai. Lakini damu.

Nikajikokota mpaka stoo, nikakaa juu ya marobota ya blanketi, nikalia mdomo nimeuziba kwa kanga.

Mama Lin kanikuta. Nilidhani atafoka, duka limejaa wateja. Kaona nimeshika tumbo, kaelewa. Kanipa maji ya moto. Kwake yeye maji ya moto ni dawa ya kila kitu, ya mafua mpaka ya talaka. Kisha kaita gari kwa simu, kanipeleka kliniki mwenyewe. Nesi kasema mlango wa kizazi umefunga, tone dogo hutokea, nipumzike.

Ndani ya gari ndipo Mama Lin alipoanza habari ya madaraja. Mama yake alitoka mji wa mifereji, Zhejiang huko China, madaraja ya mawe kila mtaa. Siku ya kumi na tano ya mwezi wao wa kwanza wanawake hutoka wakavuka madaraja matatu. Maradhi na mikosi vinabaki ng'ambo. Mwenye mimba inayosumbua ndiye anayetangulizwa mbele. Yeye mwenyewe alivushwa na mama yake. Masharti: usivuke daraja moja mara mbili, usiseme ukiwa juu yake, usigeuke nyuma. Ukigeuka, ulichokiacha kinakufuata.

Kasema Jumanne ijayo ndiyo siku. Kumbe mwezi wao na Ramadhani yetu vimeandama pamoja safari hii.

Nikaangalia dirishani. Kutogeuka nyuma, Johannesburg? Mji huu umenifundisha kugeuka hata nikiwa kitandani.

Alhamisi, 26 Februari

Damu imekata. Mama Lin kanikalisha nyuma ya kaunta, hataki nipande ngazi. Kapanda yeye, na magoti yake yale. Na mdomo umemfunguka. Miaka yote alikuwa mtu wa kunja hii, leta ile. Sasa madaraja asubuhi, madaraja mchana.

Kijiji cha marehemu mumewe kiko Fujian, milimani. Daraja lao ni la mbao, lina paa, lina mabenchi pande zote mbili. Magogo yameshikana yenyewe kwa yenyewe, hamna msumari. Mvua ikinyesha watu wanakimbilia darajani. Wazee wanacheza karata humo, wanawake wanauza machipukizi ya mianzi, katikati kuna pahala pa kufukiza ubani. Mafuriko yaliwahi kulichukua lote. Kila nyumba ikatoa gogo, wasio na gogo wakapika wali wa mafundi. Majina ya waliotoa yameandikwa kwa wino kwenye boriti, na la bibi wa mumewe limo. Kujenga daraja kwao ni sadaka. Nikamwambia na kwetu ni sadaka, sawa na kisima. Akafurahi, akapiga kaunta kofi.

Kalalamika mji gani huu hauna mto. Madaraja yote haya, chini yake magari na watu wanaolala kwenye maboksi. Kasema atafanyaje, atatumia yaliyopo.

Kisha kaniambia jambo lililoniondolea raha. Mumewe alipofariki hapa, mwili ulichomwa, ndiyo desturi yao. Mama Lin akapakata chombo cha majivu garini mpaka nyumbani Randburg. Kila walipofika darajani alimwita kwa jina: tunavuka daraja, vuka na mimi. Kwa sababu roho isipoitwa haijui kuwa imefika darajani. Inabaki hapo hapo. Barabara kuu ina madaraja mengi, kasema, sauti ilimkauka. Dereva alimwona kichaa.

Inabaki hapo hapo. Nimerudi nyumbani na maneno hayo.

Madaraja tumeyachagua. Mawili juu ya barabara kuu, karibu na duka letu Marshalltown: kwenda kwa moja, kurudi kwa jingine. La tatu lazima linirudishe kwangu. Nikamwambia la kunirudisha kwangu kwa mguu ni moja tu, na silivuki, na kwa nini silivuki. Nikamwambia yote. Akawa anakunja pazia ambalo lilikwisha kunjwa. Kasema basi ndilo hilo.

Ijumaa, 27 Februari

Nimemwambia Bakari kabla hajatoka kwenda kazini. Bora ningeuma ulimi.

Kasema ni ushirikina, tena ndani ya Ramadhani. Kasema Mchina akupe mshahara, asikupe na dini. Nikasema kutembea si kuabudu. Akauliza mtatembea wapi. Nikamtajia mawili ya Marshalltown, hata hakuinua kichwa. Nikamtajia la chuma, Jumanne, tukishafunga duka saa kumi na nusu.

Hapo akasimama.

"Pale pale?"

"Pale pale."

"Mwanaidi, mtoto mmoja alitosha kupotea pale."

Mwaka mzima hajawahi kusema hivyo. Alikuwa anasema "yale mambo". Mimi nikadhani hana uchungu. Na badala ya kumshika mkono nikamjibu vibaya. Nikasema alipotea tumboni mwangu, wewe ulikuwa unalinda friji za watu.

Kavaa mabuti, kafunga kamba moja moja, polepole. Mlangoni kasema, "Ukienda, usiniambie."

Nina hasira. Hasira yote hii ni woga, najua.

Jumamosi, 28 Februari

Mama Lin kanionyesha picha kwenye simu. Bwawa la kwao mama yake, na juu ya bwawa daraja limepinda, linakwenda kushoto, kulia, kushoto tena. Nikauliza fundi alikuwa amelewa? Kacheka. Kasema mabaya hutembea kwa mstari ulionyooka tu. Yakifika kwenye kona yanashindwa, yanatumbukia majini.

Nimecheka naye. Kisha nikakumbuka daraja la chuma. Limenyooka moja kwa moja, kutoka ngazi mpaka ngazi. Ukikamatwa katikati huna pa kukwepea.

Sina hamu ya kula. Nakula kwa ajili ya mtu mwingine.

Jumapili, 1 Machi

Hatusemezani. Namfungia futari kwenye kopo, analichukua, analirudisha limeoshwa. Ndiyo mazungumzo yetu. Leo tumeshinda chumba kimoja, yeye kalala kageukia ukuta, mimi nashona vifungo vya shati lake. Alijua nashona. Nilijua halali.

Namwogopa Mungu. Daraja la kuogopa nililofundishwa chuoni Tanga ni Swirati, jembamba kuliko unywele, chini yake moto, na kila mtu atalivuka kivyake. Nilikuwa mtoto, nikawa silali. Sasa nina madaraja matatu mengine ya kuninyima usingizi, na haya yana vibaka.

Mama Furaha naye kaipata habari. Kuta za flati hizi ni karatasi. "Ile kintu ya Bachina iko fetishi, iko buchawi, miye siipende hata kidogo." Kisha kauliza kama Mama Lin anaweza kumvusha na yeye, mgongo unamsumbua. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Halafu nikaogopa kwa nini nimecheka vile, nikakimbilia chooni kuangalia.

Nimeomba baada ya isha. Mungu wangu, unajua nakwenda kwa nani. Nakwenda Kwako, ila njia imepita pale.

Jumatatu, 2 Machi

Nimekwenda kulitazama. Kwa mbali, nimesimama ng'ambo ya robot, hizi taa za barabarani, upande wa kwetu. Lipo. Ngazi za chuma, wavu uliochanika, katikati bati moja limeinuka. Nyaya za treni zimeibwa zote. Watu wanavuka mbio, wamekumbatia mikoba. Juu ya ngazi kakaa kijana, kofia ya sufu na joto lote hili. Havuki. Hauzi kitu. Anatazama mikono ya watu.

Nikaingia kwenye spaza, kiduka cha mtaani, nikanunua ndizi nisizozitaka, ili mikono ipate cha kushika.

Siendi. Nitamwambia Mama Lin kesho asubuhi. Akasirike, anifukuze, siendi.

Chooni: rangi ya chai tena. Kidogo sana.

Nakwenda.

Jumanne, 3 Machi

Nimekwenda. Niandike yote sasa hivi, kabla sijaanza kujidanganya.

Mama Lin kafunga duka saa kumi na nusu, wateja bado wamo, kawatoa. Kavaa koti jekundu na raba mpya. Kabeba kopo la chakula ndani ya kitambaa. Kasema kwao wangetembea jioni na taa za karatasi, mwezi ukiwa juu, lakini yeye hana wazimu wa kufanya hivyo hapa.

Daraja la kwanza. Magari yanavuma chini, zege linatetemeka miguuni. Harufu ya mkojo. Mwokota taka akatupisha na toroli lake, akatusalimu sharp, mama. Mama Lin hakujibu, sharti ni sharti. Mimi nikampungia mkono. Daraja la pili, upepo tu. Nilianza kujisikia mwepesi, nikajikemea. Bado moja.

Teksi mpaka karibu na reli. Meno yanagongana, joto lote lile. Mama Lin akanishika mkono na hakuuachia mpaka mwisho. Mkono mgumu, wa mtu aliyefungua marobota maisha yake yote.

Tukapanda ngazi. Nikaweka mguu kwenye bati. Ng'ambo, pale pale pa jana, kofia ya sufu. Akatuona. Akasimama.

Kisha nikasikia mabuti nyuma yetu. Mazito. Yanapanda ngazi tulizotoka kupanda. Daraja lile halifichi kitu, kila hatua inapita kwenye chuma mpaka kwenye nyayo zako. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Vile vile. Jamani, vile vile!

Kila kiungo mwilini kilisema geuka. Shingo ikaanza kwenda yenyewe. Mama Lin akanibana vidole mpaka nikaumia, macho yake mbele. Tuliposimama, mabuti yakasimama. Tulipokwenda, yakaja. Mkojo ulinitoka kidogo. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tukafika kwenye bati lililoinuka. Hapo ndipo nilipoanguka mwaka jana. Nilitegemea nitaogopa zaidi. Nikamfikiria yeye. Wa kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kumwita. Kama kweli wanabaki darajani, basi yuko hapa, mwaka mzima, na watu wanampita mbio na mikoba yao. Dini yangu haisemi hivyo, najua. Inasema watoto wale wako pema. Lakini mdomo ulishafunguka.

Nikamwita, kwa sauti ya kusikika kabisa.

"Mwanangu, tunavuka daraja. Vuka na mimi."

Mabuti yakanyamaza.

Nikasema tena, sauti ikapasuka. "Mwanangu, tunavuka daraja. Vuka na mimi." Nikawa natembea huku nasema, machozi, kamasi, vyote. Sharti la kunyamaza nikalivunja. La kugeuka sikulivunja.

Kijana wa mbele akatutazama. Halafu akatazama juu ya mabega yetu, kule nyuma. Akavuta kofia, akashuka ngazi upesi, akapotea kati ya vibanda. Nikasema Mungu kanisikia. Tukashuka na sisi. Mguu ulipogusa lami mabuti hayakusikika tena. Sikugeuka. Mpaka kwenye robot sikugeuka.

Mama Lin akauliza nilikuwa nasema nini kule juu. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, nimemwita yule wa kwanza. Nikajua atanigombeza kwa sharti. Kanigombeza kweli, ila kwa jingine. Kasema mbona umemchelewesha hivyo, mtoto mdogo, mwaka mzima kakaa pale peke yake? Kisha akalia, kasimama barabarani na koti lake jekundu, watu wanatupita.

Nyumbani tukafungua kopo. Vidonge vya unga wa mchele, ndani ufuta na sukari, vinaelea kwenye maji ya moto. Vinateleza, nilikifukuza kimoja bakuli zima. Mwezi ukatoka mkubwa juu ya majengo. Mama Lin akasimama dirishani akautazama mpaka gari lake likaja.

Sasa niko peke yangu. Mlango nimeufunga kwa kufuli na nimeweka kiti. Yule mwenye mabuti alikuwa nani? Alitaka nini, na kwa nini hakukifanya? Nikifumba macho nayasikia yanapanda.

Jumatano, 4 Machi

Hamna damu.

Bakari kapewa onyo kazini. Jana kachelewa kuingia zamu, zaidi ya saa nzima. Hajawahi. Nilipomuuliza, kasema usafiri. Nikamfokea. Mke ana mimba, kodi inakuja, na wewe unaichezea kazi! Kanitazama usoni, kisha tumboni, kauliza, "Umelala?"

Nikasema kidogo.

Kasema hata yeye, kidogo.

Sikumwambia kama nilikwenda. Mwenyewe alisema nisimwambie.

Ijumaa, 6 Machi

Hamna. Naandika kwa herufi ndogo, nisije nikajitia mkosi.

Mabuti bado yananiamsha. Jana usiku yalipanda ngazi za flati, nikashika mwiko wa ugali nikasimama nyuma ya mlango. Alikuwa mume wa Mama Furaha anatoka kanisani. Kwa kumsikia anavyoimba ningejua, lakini masikio yangu siku hizi yanachagua.

Sasa naogopa tarehe tisa. Daraja lilikuwa na mwanzo na mwisho, unaona ngazi za kushukia. Kile kidude cha nesi, hujui kitakwambia nini. Kama ni kimya tena? Nitarudi vipi nyumbani nikiwa na kimya hicho?

Bakari kaacha tende saba kwenye sahani, kazifunika. Tende za futari yake. Kaniachia mimi nisiyefunga. Nimezila zote.

Jumatatu, 9 Machi

Bakari katoka zamu moja kwa moja, kaja kunichukua, na sare yake na mabuti. Nikamwambia nenda kalale, nitakwenda na Mama Furaha. Kakataa. Alikuwa na macho mekundu, na swaumu juu.

Teksi ilipita daraja la magari, juu ya reli. Mkono wa kulia lile la chuma linaonekana lote, na ngazi zake. Mimi nilikaa dirishani, yeye kando yangu, redio ya dereva juu. Tulipoanza kupanda Bakari akainamisha kichwa. Midomo inacheza. Nikadhani dua. Nikasogea.

"Mwanangu, tunavuka daraja. Vuka na sisi."

Maneno hayo sikumwambia mtu. Mama Lin Kiswahili chake ni "karibu" na "bei", na hawa wawili hawajaonana tangu Iddi ya mwaka jana. Niliyasema juu ya lile bati tu, na nyuma yangu yalikuwepo mabuti.

Nikayatazama mabuti yake. Yale ninayoyapiga brashi kila wiki. Nikamkumbuka yule kijana, jinsi alivyotazama juu ya mabega yetu akakimbia. Alimwona mlinzi, na sare, na rungu. Nikakumbuka nilivyomfokea kwa kuchelewa.

Nikamshika mkono.

Nesi akapitisha kidude. Huku. Kule. Akarudi huku. Kisha moyo ukasikika, mbio mbio. Bakari akauliza kama ndivyo unavyotakiwa kwenda kasi hivyo. Nesi akasema ndivyo. Akauliza tena.

Kurudi tulipita daraja lile lile la magari. Safari hii tulisema wote wawili, taratibu, dereva asisikie. Kisha kalala begani kwangu mpaka kituoni.